Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Ualimu: tunaomba ufunguo wa maabara

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Jumanne iliyopita, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilichora ubaoni, mbele ya kidato cha tatu, bureti, lile bomba la kioo la kupimia na kudondoshea vimiminika. Niliichora vizuri, koki na mistari yake yote hadi 50. Nikaeleza kwamba ukidondosha asidi kwenye alikali yenye fenolfthalini, ile dawa inayoipa alikali rangi ya waridi, rangi hiyo hung'ang'ania, hung'ang'ania, kisha tone moja tu huifuta. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umewahi kuiona ikipotea?"

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya, Mheshimiwa.

Nipo mwaka wa mwisho wa ualimu wa kemia na sijawahi kushika koki ya bureti. Mtihani wetu wa vitendo tuliufanyia kwenye karatasi: tulipewa jedwali la vipimo vya watu wengine, tukatafuta wastani. Wakufunzi hutuonya kila siku tumimine asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Hata tukisahau hatuungui. Asidi yenyewe hatujaiona. Mimi najifunzia chumbani kwa bomba la sindano, siki, maji ya majivu na maua mekundu niliyoyaponda. Yakigeuka kijani nashangilia peke yangu kama mtoto.

Na maabara ipo! Utakuwa unaikumbuka, maana utepe uliukata wewe. Ulisema muhula hautaisha kabla hatujaingia, tukakupigia makofi. Mihula mitatu imepita. Tunachungulia dirishani, makasha bado yamefungwa. Wapo wanaosema kemikali hazijaletwa, wengine eti hakuna fundi sanifu wa maabara. Mimi nashuku hakuna anayetaka kutia saini ya kupokea vyombo vya kioo, visije vikavunjikia mikononi mwake. Kama ni hivyo, hongereni: mpaka leo hakijavunjika hata kimoja.

Sikuombi posho, ingawa nayo imechelewa. Naomba ufunguo. Hata kwa Jumamosi moja, hata bureti moja kwa watu kumi, tutapokezana. Mazoezi yanakwisha baada ya wiki tatu, na yule binti bado yupo dawati la mbele. Niione hiyo rangi ikipotea kabla sijaachana naye.

Ufunguo tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mwanachuo wa mwaka wa mwisho, somo la Kemia