Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data: maikrofoni zinaingia majumbani bila kutajwa

Mheshimiwa Kamishna,

Tunakuandikia kutoka Kisumu, sisi tunaofunga kamera, kuwasha runinga mpya na kutengeneza simu, kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kondele. Vifaa vyenye maikrofoni vinaingia majumbani vikiwa vimewashwa tayari, na anayebonyeza "Kubali" mara nyingi si mwenye nyumba. Ni fundi.

Runinga ya intaneti ikitolewa kwenye katoni, kabla ya kuonyesha picha hupitisha kurasa za masharti. Mteja amesimama kando akingoja mpira uanze, maandishi ni Kiingereza kirefu cha kisheria, na fundi ana nyumba nyingine ya kwenda. Basi yanakubaliwa yote kwa mpigo: masharti ya lazima pamoja na yale ya hiari, yaani utambuzi wa sauti, matangazo na ufuatiliaji wa vipindi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinambebesha anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba mhusika aliridhia. Katika chumba hicho mhusika hakuulizwa lolote.

Kwanza tunaomba ofisi yako iondoe dhana moja. Watu wengi wanaamini kwamba wakizungumzia godoro leo, simu imewasikia na kesho itawaletea tangazo la godoro. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android wasipate ushahidi wa programu zinazorekodi mazungumzo kwa siri, ingawa walikuta baadhi zikinasa picha za skrini. Matangazo yana njia nyingine za kumjua mtu: alichotafuta, mahali alipo, watu anaowasiliana nao. Hofu hii ina madhara yake, kwa sababu mtu akiishika huiogopa simu na kuisahau kamera iliyo juu ya kichwa chake.

Sauti hutoka kwa njia tunazozijua. Spika yenye msaidizi wa sauti, yaani programu inayopokea maagizo ya mdomo, huhifadhi sekunde chache tu na kuzifuta mfululizo, ikingoja neno la kuiamsha. Haielewi maneno, inalinganisha mlio na mlio. Mlio ukikaribiana, iwe ni wa redio au wa mtoto anayeita jina, inaamka na kutuma sauti kwa seva, yaani kompyuta za mbali, za kampuni. Mwaka 2019 shirika la utangazaji la Ubelgiji, VRT, lilipata rekodi zaidi ya 1,000 za msaidizi wa Google zilizokuwa zikisikilizwa na wafanyakazi wa mkataba. Katika rekodi 153 hakuna aliyekuwa ametoa agizo. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani kwa kuhifadhi sauti za watoto zilizonaswa na Alexa, msaidizi wake wa sauti, hata pale wazazi walipoomba zifutwe. Kifungu cha 33 cha sheria yetu kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto.

Runinga ina jambo lake. Nyingi hunasa vipande vya kinachoonekana kwenye skrini na kuvilinganisha na hazina ya vipindi, na zipo zinazofanya hivyo hata picha ikitoka kwenye dekoda iliyounganishwa kwa waya. Kuizuia ni kazi ya dakika mbili: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na masharti, uondoe alama kwenye huduma za taarifa za utazamaji na za utambuzi wa sauti. Runinga itaendelea kufanya kazi. Rimoti yenye kitufe cha maikrofoni haina tatizo kubwa, kwa kuwa kwa kawaida husikiliza kikibonyezwa tu. Ya kuangaliwa ni ile runinga inayoitikia ukiwa mbali. Hiyo mara nyingi ina swichi ndogo chini ya fremu.

Linalotusumbua zaidi ni kamera za wifi, hasa zile za umbo la balbu. Inafungwa kwenye soketi ya taa, inatumia wifi, ina kadi ya kumbukumbu na maikrofoni, na kwa kawaida hurekodi sauti tangu siku ya kwanza. Mnunuzi alitaka kuona lango; amepata pia sikio sebuleni. Kuziba tundu la maikrofoni kwa utepe hupunguza sauti tu. Lazima sauti izimwe ndani ya programu, kisha urekodi nusu dakika ukizungumza na usikilize kama kweli ni kimya.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni akaunti. Fundi akiisajili kamera kwa simu yake ili amalize haraka, kisha akamshirikisha mteja, mmiliki katika kumbukumbu za kampuni ni fundi. Anaweza kuisikia nyumba ile akiwa Busia. Mteja akibadilisha neno la siri la wifi, kamera inapotea mtandaoni. Anapomwita fundi airudishe, inarudi kwenye akaunti ile ile. Dawa ni kusajili kwa simu ya mwenye nyumba tangu mwanzo. Kama imeshasajiliwa vibaya, fundi aifute kwanza kwenye akaunti yake, ndipo kitufe cha kuanza upya kishikiliwe mpaka taa ianze kumetameta. Kitufe peke yake hakitoshi kwa kamera nyingi, kwa sababu umiliki umeandikwa kwenye seva.

Tunajua Kifungu cha 51 kinaacha nje shughuli za mtu binafsi nyumbani kwake. Lakini nyumba za kukodisha kwa usiku kule Milimani, saluni, matatu na vyumba vya kliniki si shughuli za nyumbani. Yaya, mgonjwa na mgeni hawajui kwamba kamera inasikia. Kampuni inayopokea sauti hiyo nayo haipaswi kujificha nyuma ya msamaha huu.

Kifungu cha 41 kinataka faragha iwe ndiyo hali ya awali ya kifaa. Tunaomba, kwa msingi huo, mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe madukani: muuzaji amwambie mnunuzi kabla ya malipo kama kifaa kina maikrofoni, fundi aache masharti ya hiari bila kuyakubali, amkabidhi mteja rimoti na kusajili kila kifaa kwa simu ya mteja. Pia shirikiana na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huidhinisha vifaa vya redio kabla havijauzwa nchini, ili alama ya maikrofoni ichapishwe nje ya katoni.

Mwongozo huo ukitolewa, tuko tayari kuujaribu madukani mwetu na kuiletea ofisi yako orodha ya kamera ambazo sauti yake haizimiki hata kidogo. Zipo, na bado zinauzwa.

Ni sisi,
Mafundi wa kamera, runinga na simu, Kisumu