Watafiti, fuateni mahindi yanakotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanafunzi wa vyuo na walimu wao wanaokuja kutafiti uchumi wa eneo letu hapa soko la mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mimi ni mnunuzi wa nafaka, na kazi yao naithamini sana.

Msimu uliopita kijana mmoja mwenye dodoso kwenye kishikwambi alimuuliza dereva wa fuso katokea wapi. Dereva akajibu, Kibaya, yaani mji mkuu wa wilaya ya Kiteto. Kijana akashukuru, akamruka. Kiteto ni Manyara, akaniambia, na yeye anachunguza Mkoa wa Dodoma.

Jamani, soko hili litaelezwaje bila Kiteto? Mahindi mengi tunayopima yanatoka huko, na mengine Gairo, ambayo ni Morogoro. Mkulima wa Kiteto makao makuu ya mkoa wake ni Babati, lakini ada ya mtoto na bati za nyumba anazipatia Kibaigwa. Kabla ya 2002 wilaya hiyohiyo ilihesabiwa Arusha! Mvua ikiharibu barabara ya Kibaya, wa kwanza kukosa riziki ni makuli na mama lishe wa hapa, watu wa Dodoma kabisa.

Mwanangu aliyesoma jiografia alinisimulia habari za Walter Christaller, Mjerumani aliyeandika mwaka 1933 kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani. Alihesabu simu zilizofungwa katika kila mji apate kujua mji huo unahudumia watu wa eneo kubwa kiasi gani. Hapa kwetu hesabuni magunia.

Simameni getini alfajiri, baada ya mavuno. Ulizeni kila mzigo umetoka kijiji gani, umepita njia ipi, nauli ya gunia ni kiasi gani, na mnunuzi anaupeleka wapi. Msitegemee vitabu vya ushuru peke yake. Tangu 2017 mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru, kwa hiyo anayekuja na magunia mawili kwenye bodaboda hamtamwona humo. Na huyo ndiye hali yake inatakiwa ijulikane.

Ramani ya namna hiyo ingewaonyesha wapangaji wa mikoa yote mitatu ni kalavati lipi lijengwe kwanza. Ikikamilika, tunaomba nakala moja iletwe ofisi ya soko, kwa Kiswahili.

Mnunuzi wa mahindi,
Kibaigwa, Dodoma