Sakafu ya chumba cha mama

Ilazo, Dodoma
14 Julai

Mpendwa Upendo,

Kamwene! Mama naye anakutumia salamu yake ya Kigogo, mbukwenyi, kutoka uani, anakoota jua la asubuhi. Sisi hatujambo, watoto wako likizo, na baridi ya mwaka huu imekuja na upepo wake uleule wa vumbi.

Ujumbe wako niliupata juzi usiku. Unasema fundi wako atamwaga jamvi la zege la sakafu mwezi ujao, umesikia kwamba nimeweka sakafu ya moto, na unataka kujua kama na wewe uweke huko Njombe. Jambo hili haliwezi kuelezwa kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nakuomba kitu kimoja: mtu asimwage zege hapo kwako kabla hujaisoma barua hii yote. Kosa langu mimi lilikuwa chini ya sakafu, na kosa la chini ya sakafu hulitoi ila kwa nyundo na tindo.

Nianze na mama, maana bila yeye nisingewaza habari hizi. Alihamia kwangu mwaka 2022 kutoka Kongwa. Amezaliwa kwenye tembe na ameishi humo sehemu kubwa ya maisha yake. Wewe hujawahi kulala ndani ya tembe la Kigogo: ukuta mnene wa udongo, paa bapa lililoshindiliwa udongo juu ya miti, mlango wa kuinama. Jua la kwetu linaupika udongo ule mchana kutwa, na usiku udongo unalirudisha joto kidogokidogo mpaka alfajiri. Chini umetandika ngozi ya ng'ombe, na moto hauko mbali. Sasa mtoe mtu huyo umlete kwenye nyumba yangu ya tofali za saruji, mabati, madirisha ya aluminiamu na marumaru kila chumba. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Najua kwako hiyo ni hali ya hewa ya kufulia nguo. Lakini kwa mwanamke wa miaka 78, mwenye magoti yanayouma na nyayo zilizozoea ngozi, marumaru ni adhabu. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba marumaru na ngozi vikiwa chumba kimoja vina nyuzijoto sawa. Tofauti ni kwamba marumaru inalinyonya joto la mguu upesi, ngozi inalibakiza. Nilikuwa nalifundisha jambo hilo darasani miaka yote, na nyumbani mama anatembea juu yake kila alfajiri akienda msalani.

Kilichonisukuma hasa ni jiko la mkaa. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, kichwa kinampasuka, anatapika. Pembeni kuna jiko, mlango umefungwa, na chini ya mlango ameziba kwa khanga ili upepo usiingie. Tulimtoa nje haraka, tukampeleka hospitali, na Mungu akatusaidia. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inakukuta usingizini na huamki. Upendo, najua huko kwenu watu wengi wanaingiza jiko chumbani. Kama hutachukua lolote katika barua hii, chukua hili: liache nje, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu.

Basi nikatafuta njia nyingine. Hita ya kusimama niliiogopa kwa sababu mama anatembea na fimbo gizani, na mazulia yalimkwaza mara mbili. Nikabaki na sakafu yenyewe.

Kuna namna mbili. Moja ni mabomba ya plastiki yanayopitisha maji ya moto ndani ya saruji. Nyingine ni waya wa umeme ulioshonwa kwenye wavu, unaukunjua kama mkeka chini ya marumaru. Kwangu sikusita: chumba kimoja, baridi ya miezi mitatu, kwa nini nijenge mtambo wa maji wenye pampu na tangi? Na maji yetu ya visima unayajua. Uliona birika langu lilivyojaa magamba ya chumvi. Nikaagiza mkeka wa waya kupitia Dar es Salaam, mita za mraba 6, wenye wati 150 kwa kila mita ya mraba. Jumla wati 900. Chumba kina mita za mraba 14, lakini chini ya kabati hakuna anayekanyaga, na huruhusiwi kupitisha waya chini ya kitu kilichokalia sakafu bila miguu, maana joto linakosa pa kutokea. Nikachora njia ya mama: kitandani, kwenye kiti chake, msalani.

Fundi wa kwanza alikuwa na maneno mazuri. Kwenye boksi la mkeka kulikuwa na maelekezo kwamba chini yake utandike kwanza ubao wa polistairini, ile ngumu ya kujengea, si ile nyeupe inayomeguka inayofungiwa televisheni. Akaniambia ubao ule ni wa Wazungu wenye barafu, Dodoma hauna kazi, na utainua sakafu mpaka mlango usifunguke. Mimi, mwalimu wa fizikia, nikakubali kwa kuogopa kukata mlango. Akaubandika mkeka moja kwa moja juu ya zege la zamani, akafunika kwa gundi na marumaru.

Tulipowasha, tulikaa saa nne nzima tunaipapasa sakafu. Ilikuwa vuguvugu ya kukisia. Usiku ule tukauacha mkeka ukiwaka, ukala yuniti 9 za umeme wa LUKU hadi alfajiri, na kwa shilingi 356 hivi kwa yuniti ni zaidi ya shilingi 3,200 kwa usiku mmoja. Joto lilikuwa linakwenda wapi? Chini. Zege lile limekalia kokoto na udongo, nao haushibi. Nilikuwa napasha moto kiwanja badala ya miguu ya mama.

Nilivunja. Marumaru hazikutoka nzima hata moja, na mkeka ukakatika chini ya tindo, kwa hiyo nikanunua vyote mara ya pili. Nakuandikia haya bila kuficha kwa sababu jamvi lako bado halijamwagwa, na wewe unaweza kupata bure kile nilichokilipia.

Mara ya pili nilimpata kijana wa umeme aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA, anayesoma maelekezo kabla ya kufungua kisanduku cha zana. Kwanza aliangalia nyufa za zege, maana udongo wa mfinyanzi wa huku unavimba mvua zikija na kusinyaa kiangazi, na ufa unaotembea unaweza kuuvuta waya mpaka ukatike. Kisha akabandika ubao, unene wa sentimita 2. Mlango tulikata kidogo kwa chini, kazi ya nusu saa, jambo ambalo nililiogopa bure. Juu ya ubao akakunjua mkeka. Pa kugeuka unakata wavu tu. Waya wa moto haukatwi wala haupishanishwi juu ya mwenzake. Ukiufupisha waya, ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, unapungua, umeme unaopita unaongezeka, na waya unachemka kuliko ulivyoumbwa.

Ukinzani ndio uliokuwa mlinzi wetu. Volti 230 zikizidishwa kwa zenyewe, ukagawa kwa wati 900, unapata omu 58.8. Kijana alipima kwa multimita, kile kipimo cha mafundi umeme, mkeka ukiwa bado kwenye boksi, akapima baada ya kuutandika, akapima tena marumaru zikiwa zimelala. Mara zote tatu ilisoma omu 59. Namba ikibadilika kabla ya marumaru, unatengeneza kwa dakika kumi. Ikibadilika baadaye, unarudi kwenye tindo. Mwambie fundi wako aandike namba hizo kwa kalamu mbele yako. Kitambuzi cha joto alikipitisha ndani ya kibomba chembamba ili kikifa kivutwe na kuwekwa kingine bila kuvunja kitu. Kwenye kisanduku cha umeme akafunga swichi ya usalama inayokata pale umeme unapovuja miliampia 30. Hii usikubali iachwe, hasa karibu na bafu.

Tulisubiri wiki mbili gundi ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Sasa sakafu inafika nyuzi 27 ndani ya saa moja. Themostati, yaani kidhibiti cha joto cha ukutani, inawasha saa mbili usiku hadi saa nne, kisha saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu. Kwa siku inakula kama yuniti 2, yaani shilingi 700 na kidogo. Nimeifunga isipite nyuzi 29, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa sakafu ya kukaliwa. Nyayo za wazee hazisikii moto upesi, zinaweza kuungua taratibu bila mwenyewe kujua.

Siku ya kwanza mama alivua kandambili, akasimama. Hakusema kitu. Kisha akaenda kwenye sanduku lake, akatoa ile ngozi aliyokuja nayo kutoka Kongwa, akataka kuitandaza palepale alale chini. Ilinibidi nimkatalie, Upendo, na iliniuma. Ngozi au godoro juu ya waya hulifungia joto, na waya unaweza kuungua. Tumeitandaza upande wa ukutani, ambako hakuna waya. Jioni anakaa juu yake, amenyoosha miguu mpaka kwenye marumaru yenye joto.

Sasa Njombe. Usiniige. Wewe hutaki njia ya mtu mmoja kwa miezi mitatu. Unataka sebule na vyumba viwili, na kwenu baridi ni ya kweli. Umeme wa moja kwa moja kwa eneo hilo utakumaliza. Kwako mabomba ya maji yana maana, na faida yake ni kwamba sakafu inatosheka na maji ya nyuzi 35 hadi 45 tu. Joto hilo hata mtambo wa jua wa juu ya paa unalifikia siku ya jua, na siku za ukungu unasaidiwa na boila, yaani tangi la kuchemshia maji, la kuni, ambazo huko hamkosi. Boila ikae nje ya nyumba, na bomba lake la moshi liwe refu. Pampu yake ni ndogo, inaweza kuendeshwa na betri ya sola umeme ukikatika.

Mwambie fundi aache kina: sentimita 5 za ubao, na juu yake sentimita 7 za saruji inayofunika mabomba. Pembeni mwa kuta zote kuwe na utepe laini ili sakafu ipate pa kutanukia. Kila mzunguko wa bomba la milimita 16 usizidi mita 100, na chini ya saruji kusiwe na kiungo hata kimoja. Bomba lijazwe maji kwa shinikizo la bari 6 na libaki hivyo wakati saruji inamwagwa, ili tundu likitokea mlione hapohapo. Kisha siku 21 bila kuwasha, hata majirani waseme nini. Na ujue kwamba sakafu nene inachukua saa kadhaa kupata joto, kwa hiyo unaiwasha mchana kwa ajili ya usiku.

Lakini kabla ya yote hayo, piga dari na uzibe nafasi kati ya ukuta na mabati. Nilivyoiona nyumba yenu ya zamani, joto lote lilikuwa linatokea pale. Kama fedha haitoshi vyote mwaka huu, piga dari, tandika ubao na mabomba chini ya saruji, na boila inunuliwe mwakani. Bomba lililokwisha kuzikwa linaweza kungoja. Lisilozikwa halitaingia tena.

Ukija kwenye Nane Nane pale Nzuguni, fikia kwangu na uje na ramani ya nyumba, tuhesabu mizunguko pamoja mezani. Utalala chumba cha mama, amekwisha kusema hivyo. Anaomba pia umletee viazi vya huko, vile vyekundu.

Rafiki yako,
Mery