Barua kwa mwanangu anayetaka kuvuka milima na tela

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mtwara. Sisi hatujambo. Msimu wa korosho umechanganya, malori yanashusha mzigo kutoka Newala na Tandahimba usiku na mchana.

Picha za pikapu yako na lile tela la nyumba nimezipata. Dizeli ni nzuri, sina neno nayo. Ila kwenye simu maneno yako yote yalikuwa ya kupanda: nguvu ya injini, tabo inayoisukumia hewa, jinsi itakavyoikata milima ya Colorado huko Marekani. Utashukaje hukuniambia, na humo ndani watakuwemo wajukuu zangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Kupanda kusikutishe. Kwenye handaki la Eisenhower, lile la barabara linalotoboa milima hiyo, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kama theluthi mbili tu ya hii tunayovuta hapa Shangani, pwani. Injini isiyo na tabo huishiwa pumzi kule. Yako inasukumiwa hewa, itapanda. Wewe angalia mshale wa joto, ukianza kunyanyuka rudi gia ya chini, punguza mwendo, ukae njia ya kulia ambayo kwenu ndiyo ya waendao pole.

Sasa ukitoka handakini kuelekea mji wa Silverthorne, barabara inashuka karibu mita 700, na mteremko wake unafika asilimia 7. Pikapu na tela kwa pamoja ni kama tani 10. Nimepiga hesabu: uzito huo ukishuka kimo hicho unazaa joto la kutosha kuchemsha pipa zima la maji la lita 200. Upepo na tairi vitameza sehemu yake. Linalobaki lina pa kwenda pawili tu, kwenye injini au kwenye breki. Ukilipeleka lote kwenye breki, pedi zitaungua, mafuta ya breki yatachemka, na utakanyaga pedali ikazama mpaka chini bila kitu. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hunyonya unyevu na huchemka mapema zaidi, kwa hiyo yabadilishe kabla ya safari.

Sisi tulioshusha korosho kutoka uwanda wa Makonde, na wengine tukateremka mlima wa Kitonga kule Iringa na matela, tulikuwa na sharti moja: gia huchaguliwa juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukishaachia likakimbia, kulirudisha gia ya chini ni kazi kubwa. Pikapu yako ina kitufe cha kuvutia tela na ina breki ya eksozi. Viwashe vyote viwili ukiwa bado humo handakini. Breki ya eksozi inabana moshi usitoke, injini inakuwa nzito na inalishika gari. Lakini inashika vizuri pale injini inapozunguka kwa kasi kwenye gia ya chini, basi sauti ya kunguruma isikufanye upandishe gia. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu, ushuke chini ya mwendo unaoutaka, kisha achia kabisa zipoe. Usiwe unaweka mguu juu ya pedali muda wote. Na fri, yaani gari bila gia, usiachie kamwe, hata mita 100. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama hapo hapo. Upande ule zipo njia za dharura za kokoto kwa magari yaliyokata breki. Zijue zilipo, na siku ya shida ingia bila kufikiria bei ya tela.

Jingine linanisumbua zaidi. Umesema aliyekuuzia kakuhakikishia inavuta tani 8. Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jingine. Tela la aina hiyo halining'inii nyuma kwenye ndoano. Pini yake inakaa kwenye sahani ya chuma katikati ya bodi ya pikapu, pale pa kupakia mizigo, na kama sehemu moja ya tano ya uzito wake inalala hapo. Tela lako likishapakiwa ni kilo 6,000, kwa hiyo mgongoni mwa gari zinatua kilo 1,200. Kibandiko cha mlangoni ulichonipiga picha kinasema watu na mizigo kwa jumla visizidi kilo 1,100. Hapo hujakaa wewe, wala mkeo, wala watoto, na sahani yenyewe haijahesabiwa! Usidanganywe kuongeza springi. Springi zitainua nyuma, pikapu itaonekana imekaa sawa, lakini ekseli na breki ni zile zile.

Tanki la maji safari nalo tupu, kila lita ni kilo moja. Isipotosha, badilisha tela uchukue dogo, au tafuta pikapu yenye uwezo wa kubeba. Najua umeshalipa. Badilisha tu.

Kufunga tela usimwachie mtu. Likishaingia, piga magoti na tochi, chungulia mpaka uone kwa macho yako taya za sahani zimejifunga nyuma ya pini ya tela, na sahani imelaliana na tela pasipo mwanga kupenya katikati. Kisha funga breki za tela peke yake, vuta gari mbele taratibu. Likigoma kuachana, ndipo unyanyue miguu ya tela. Waya wa dharura, ule unaokaza breki za tela likichomoka, ufunge kwenye pikapu yenyewe, siyo kwenye sahani.

Kwenye vituo vikubwa vya malori huko kuna mizani za kulipia. Kabla hujaanza kupanda, pitisha gari likiwa na watu wote na mizigo yote, upime kila ekseli, kisha unitumie picha ya karatasi. Huku kukiwa usiku wa manane wewe nipigie tu, tuipitie pamoja kabla hujaondoka.

Mama yako anakusalimia, na anauliza wajukuu wana makoti ya kutosha.

Baba yako