Vijana wetu waende kujitolea kwa ajili ya mbwa wa mitaani, lakini wajiandae

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwajibu wanaouliza kwa nini kijana wa Lubumbashi aende nchi ya watu kujitolea kufundisha habari za mbwa wa mitaani, hali hapa kwetu wapo watoto wanaolala njaa. Swali hilo ni zito. Lakini anayeliuliza hudhani kwamba kumhurumia mbwa ni kumnyima mtoto, na hapo ndipo tunapoachana, kwa sababu kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi mno wakiwa wa Afrika na Asia, na kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nacho, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra sana. Anayemchanja mbwa anamkinga mtoto.

Nilijitolea nchini Tanzania, katika vijiji vya mkoa wa Mara, pamoja na kikundi cha kuchanja mbwa. Wenzangu waliotoka Ulaya walikuwa na moyo na ujuzi, ila kila neno lao lilipitia kwa mkalimani. Mama mmoja, ambaye alitaka kujua kama chanjo itamfanya mbwa wake asibweke tena usiku wezi wakija, alinyamaza mkutanoni kisha akaniita pembeni. Hofu hiyo haikuwa imeandikwa kwenye bango letu lolote. Nilipomhakikishia kwamba mbwa atabaki mlinzi yule yule, alirudi kesho yake na mbwa wake wote. Lakini walioleta mbwa wengi zaidi walikuwa watoto, wakiwavuta kwa kamba za katani na vipande vya kanga, mbwa wakikaza miguu ya mbele mavumbini. Kila aliyechanjwa alipakwa rangi kichwani, na jina lake likaandikwa kwenye kadi aliyopewa mtoto. Anayeshika kadi ya mbwa mkononi hamrushii tena mawe.

Ndiyo maana nasema kijana wetu anayezungumza Kiswahili ana kitu ambacho fedha za wafadhili hazinunui. Hata hivyo asiende kichwa kichwa. Achanjwe yeye mwenyewe kabla ya kugusa mbwa, na aulize ni nani wa kijijini atakayeendeleza kazi wageni wakishaondoka. Chanjo isipowafikia mbwa wapatao 70 kwa kila 100, na isiporudiwa mara kwa mara kwa kuwa mbwa wazee hufa na wengine huzaliwa, ugonjwa hurudi. Kikundi kinachomtoza kijana fedha ili apigwe picha na watoto wa mbwa, kisha kiondoke bila kumfundisha mwenyeji hata mmoja, akiepuke.

Na akirudi, kazi inamngoja. Mbwa wengi tunaowaita wa mitaani huku kwenye komini za Katuba na Ruashi wana wenyewe. Huzurura mchana na jioni hurudi lupango, yaani kwenye kiwanja cha nyumba ya mwenyewe. Kuna wanaowawekea sumu wakiamini wanaukomesha ugonjwa, kumbe sumu haichagui, humuua hata aliyechanjwa, na mwenye lupango huleta mtoto mwingine wa mbwa asiye na kinga. Hilo linanisikitisha sana, hasa katika mji ambao Chuo Kikuu chake kina kitivo cha kufundisha madaktari wa wanyama.

Nawaomba basi viongozi wa komini wakataze sumu, na kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, washefu wa kartie, yaani wakuu wa mitaa, watangaze mahali pa kuchanja mbwa. Watangaze pia kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuuliza chanjo, asikae nyumbani kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Msomaji wenu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi