Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Maonesho ya Sayansi ya Shule, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanaklabu wote tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tumehangaika na swali moja: sponji likigandamizwa, ndani yake kunatokea nini? Kwenye meza ya kwanza utakuta kipande cha sponji la godoro kati ya vibao viwili, rula, na pakiti za chumvi za nusu kilo. Pakiti za mwanzo hulishusha kidogo kidogo, kwa hatua zinazolingana. Kisha kuta za vitundu vyake huanza kupinda, na hapo pakiti moja hulididimiza kuliko zilizotangulia. Mwisho vitundu hujifunga, sponji hukaza, na ukiongeza chumvi rula haisogei sana. Ukipunguza mzigo, sponji hupanda kwa njia nyingine: kwa uzito uleule, huwa chini zaidi ya pale lilipokuwa wakati wa kushuka. Pengo kati ya njia hizo mbili kwenye grafu ya mzigo na mshuko wa sponji ndiyo nishati iliyomezwa.

Pengo hilo ndilo linalookoa watu. Helmeti ya bodaboda ina povu gumu linalomeza kishindo kwa kupondeka, ila likishapondeka halirudi. Helmeti iliyopata ajali haifai tena, hata kama bado inang'aa.

Lipo povu linalorudi. Limeundwa kwa nanotyubu, yaani mirija ya kaboni ambayo Sumio Iijima wa Japani aliieleza mwaka 1991, myembamba kuliko unywele mara maelfu. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walionesha kwamba tabaka la mirija hiyo iliyosimama wima laweza kubanwa zaidi ya asilimia 85 ya unene wake, likaachiwa na kuinuka tena, kwa maelfu ya mizunguko. Mirija haivunjiki, hujikunja zigizaga, kisha hujikunjua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kaboni si mgeni kwetu. Kinywe, yaani grafiti, cha Ruangwa, kwa majirani zetu wa Lindi, ni matabaka ya kaboni, na ukuta wa nanotyubu ni tabaka la aina hiyo lililoviringwa. Gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, sehemu kubwa ni methani, na maabara za wenzetu hukuza nanotyubu kwa kupitisha gesi za namna hiyo juu ya chembe za chuma ndani ya tanuri. Kwetu gesi hutumika zaidi kwa umeme na viwanda.

Hatuombi tanuri, wala hadubini ya elektroni. Tunaomba mawe ya mizani, mizani ya kidijitali na kalipa ya vernia, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi. Chumvi ikifunguka hunyonya unyevu wa pwani, uzito hubadilika, na grafu ya asubuhi haifanani na ya jioni. Pia tunaomba kibali na usafiri wa kutembelea mitambo ya gesi Msimbati, kabla ya kidato cha nne kuanza mitihani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu, Klabu ya Sayansi