Nafasi tupu si sifuri

Kwa Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari kwamba kuhara kumepungua upande wa Likoni imenishinda kuinyamazia. Kuhara hakujapungua. Zilizopungua ni ripoti.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu katika shirika la afya hapa Mombasa. Tangu 2011 vituo vya afya nchini huingiza takwimu zao kwenye mfumo mmoja wa taifa, DHIS2, na ripoti ya mwezi hutakiwa iwe imeingia kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Zahanati isipoleta, nafasi yake hubaki tupu na jumla hushuka. Mwaka 2017 wauguzi waligoma karibu miezi mitano. Asiyekumbuka mgomo ule atazisoma takwimu za mwaka huo kombo.

Mwezi huohuo mlioandika habari zake, mkubwa mmoja alinipigia simu akitaka nijaze sifuri kwa zahanati zilizochelewa, ili ramani ya kuwaonyesha wafadhili isiwe na sehemu zisizo na rangi. Nilikataa. Sifuri ni kusema mwezi mzima hakuletwa hata mtoto mmoja anayehara. Nafasi tupu ni kusema hatujui. Akaniambia ninajifanya mjuaji. Nikavuka feri nikaenda kwenye mojawapo ya zahanati hizo. Rejista ilikuwa imekwisha zamani, na muuguzi alikuwa amepiga mistari kwa rula kwenye daftari la shule: umri, mtaa, ugonjwa. Daftari limejaa mpaka ndani ya jalada, na kuhara kumeandikwa kurasa kwa kurasa, watoto wa mwaka mmoja, wa miaka miwili. Fomu ya 705A, ile ya muhtasari wa mwezi wa wagonjwa wa chini ya miaka mitano, iko mezani, haijaguswa. "Mwanangu, nitibu au nihesabu?" aliniuliza, na foleni imefika nje. Huyo ndiye mliyeandika kwamba hana wagonjwa!

Na makarani wa data je? Marekani iliposimamisha fedha za misaada Januari 2025, wengi walirudishwa nyumbani, kazi yao ikamwangukia muuguzi yuleyule. Kila kikao tunaambiwa takwimu ndizo msingi wa mipango, na anayeziandika hana hata mkataba wa mwaka mmoja.

Mkichapa tena idadi ya wagonjwa, wekeni kando yake, kwa herufi za ukubwa uleule, vituo vingapi vilitakiwa kuleta ripoti na vingapi vilileta. Mfumo wenyewe huonyesha hesabu hiyo. Vilivyoleta vikiwa chini ya tisa kati ya kumi, msiandike kwamba ugonjwa umeshuka. Na wanaohusika na rejista wazifikishe zahanati kabla ya Januari.

Mchambuzi wa takwimu,
Mvita, Mombasa